Uongo wa Mvua Kumi

Gudele, Juba, Jumanne, saa tisa mchana, kivulini nyuma ya nyumba

Kiden binti yangu, kitinda mimba wangu, mwenye miguu mikubwa ya baba yake,

Mama yako ameenda soko la Konyo Konyo kutafuta samaki wakavu na karanga za kusaga za kukufungia, utadhani huko unakokwenda watu wanakula mawe. Wewe uko Thongpiny unapimwa viatu vya kazi. Nyumbani nimebaki mimi na kuku wanne, na mmoja wao ananitazama vibaya. Nina kama saa moja kabla mama yako hajarudi tukanywa chai. Nikiliacha jambo hili mpaka baada ya chai, najijua, nitaliacha kabisa.

Usitafute hapa habari za soksi na vidonge vya malaria. Hayo mama yako atakuambia mpaka masikio yaombe maji. Mimi nakuandikia kwa sababu baraka unayoingojea kesho alfajiri imesimama juu ya uongo, na uongo wenyewe ni wangu.

Haya, nimeshasema. Ukiona herufi zinayumba, si pombe. Shule niliishia darasa la nne, mwalimu aliponiambia nirudi nikishapata adabu. Mpaka leo naitafuta.

Unakumbuka siku ulipotuambia umepata kazi ya kutegua mabomu ya ardhini, na kwamba kikosi chenu kitaanza na njia ya kwenda kwao mama yako. Mimi nilishika kikombe kwa mikono miwili. Ulimwambia mama yako wazi, bila kuzunguka: "Mama, bila maji yako siendi." Nilikuona usoni, ulimaanisha. Kwao mama yako msafiri hatoki mpaka mama yake atie maji kinywani, ampulizie kifuani na miguuni. Asiyepuliziwa hahesabiki kuwa amesafiri, amefukuzwa. Kaka zako wawili walipuliziwa kule Kitale ukimbizini walipokwenda kutafuta kazi Nairobi, na yule mkubwa mpaka leo analalamika kwamba shati lake jipya lilifika mjini likinuka omena.

Nilingoja mama yako apige ukemi majirani waje. Akacheka. Akasema, "Si vile vyuma vibovu tu? Nenda mama, ukaviokote. Njia ikifunguka nami nikaone kaburi la mama yangu." Akarudia vitunguu vyake.

Halafu juzi Jumapili ukanivuta kando ya mtungi wa maji, ukaninong'oneza kwamba hukujua Mama ana moyo wa chuma namna ile, kwamba ulikuwa umejiandaa kulia naye wiki nzima. Mimi nikakohoa, nikasema, "Ndiyo, mama yako ni mtu mgumu." Hilo nalo ni uongo. Mama yako si mgumu. Mama yako hajui. Anaamini mabomu yote ya upande huu yalishakufa zamani, kama betri za tochi. Anaamini anakupeleka kuokota vyuma chakavu. Na aliyemwaminisha ni mimi, kwenye chai ya saa kumi.

Mchezo wetu wa chai unaujua, mara ngapi tumekufanya hakimu. Lakini hujui ulivyoanza. Ni mwaka ule mmoja kabla hatujarudi huku, mimi nilipoacha usukani wa lori na mama yako akaacha jiko la shule ya bweni, tukajikuta tunatazamana kutwa nzima kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja. Siku ya tatu ya kustaafu tulikosana juu ya mahali pa kuweka kijiko. Kijiko kimoja, Kiden. Siku ya nne akanisogezea stuli akasema, "Baba Kiden, kama utaniketia hapa kila siku, basi uwe na faida. Niambie kitu nisichokijua." Sheria ikawa hiyo: kila saa kumi kila mmoja alete jambo moja la kweli ambalo mwenzake halijui. Asiye nalo, au akikamatwa na uongo, asubuhi yake ndiye anayewasha jiko la makaa.

Mama yako hucheza kwa haki. Husikiliza redio na kalamu sikioni kama fundi seremala. Ni yeye aliyeniletea kwamba mamba hawezi kuutoa ulimi nje ya kinywa, kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba mboni ya jicho la mbuzi imelala kama tundu la kutilia barua. Hilo la mbuzi nililikataa, nikaenda kumchunguza mbuzi wa jirani, jirani akahamishia mbuzi wake ndani. Siku aliyoniambia mbu anayeuma ni jike peke yake, nikasema hilo nililijua tangu siku ya harusi. Akanijibu kwamba dume haliumi kwa kuwa kutwa limekaa kivulini linasubiri chai. Jiko niliwasha wiki nzima kwa hiari yangu.

Mimi ni mwizi mchezoni. Redio inanichosha, na kichwani mwangu mna mambo mazuri kuliko ya redioni. Niliwahi kumwambia kuna nchi ya baridi kali ambako watu huingia ndani ya friji kuota joto. Nikamwambia kobe akifika umri wa miaka mia huanza kupumulia mgongoni. Uongo wowote, binti yangu, ukiutafutia mtaalamu na nchi ya mbali, unavaa miwani. Mara nyingi alinikamata. Mara nyingine hakunikamata, na hapo nilikuwa nafurahi peke yangu siku mbili.

Sasa sikiliza. Tulipoingia Juba kutoka Nimule, wewe ulikuwa umebaki Kitale unamalizia sekondari, kwa hiyo hukumwona mama yako wa siku zile. Njia nzima alikuwa amehesabu vibao vyekundu vya fuvu la kichwa. Lori lilipotuteremsha hapa Gudele alisimama juu ya alama ya gurudumu, hakutaka kutoka hapo. Kiwanja hiki kilikuwa kimekwisha kaguliwa, watu wamejenga pande zote, watoto wanacheza mpira. Hakuamini. Miezi miwili alitoka mlangoni mpaka barabarani kwa mstari mmoja mwembamba, kila siku uleule. Chooni alikwenda ameshika shati langu. Jembe halikuguswa. Alikonda mpaka pete ya ndoa akaifunga uzi isidondoke. Hata chai alikuja kuinywa mlangoni, miguu ndani.

Na mimi? Ningekaa naye. Ningemshika mkono, tukazunguka kiwanja hatua kwa hatua, kila siku, hata mwaka mzima. Niliona inachosha. Hilo ndilo kosa lenyewe, Kiden, lilitangulia uongo: nilichoshwa na hofu ya mtu ninayempenda. Nilitaka iishe leo, kabla chai haijapoa.

Basi siku moja, saa kumi ya chai, nikavaa uso wa shemasi. Nikamwambia, "Mama Kiden, hili hulijui. Bomu la ardhini likinyeshewa na mvua kumi linakufa. Kutu inakula moyo wake. Kuna mtaalamu wa nchi za baridi ameeleza redioni."

Akauliza mvua kumi ndiyo miaka kumi. Nikasema ndiyo, masika kumi. Akahesabu kwa vidole tangu mapigano ya upande huu, vidole vikaisha na mvua zikabaki. Akanitazama muda mrefu. Nilijua ananipima, nami nikapuliza chai yangu kama mtu asiye na habari.

Asubuhi yake alishika jembe. Palepale penye stuli yako alianza bamia, halafu mchicha, halafu ufuta. Mwili ukamrudia, akaanza tena kunitukana vizuri. Bamia zote ulizokula katika nyumba hii zimeota kwenye uongo ule. Ungekuwa uongo wa kuleta njaa ningeutubu mapema. Ulileta mboga, nikajipongeza.

Utaniuliza kama nilijua ukweli. Nilijua. Zamani nikiendesha lori huku, kabla hujazaliwa, lori lililokuwa mbele yangu lilikanyaga bomu mahali ambapo wazee wa pale walisema hakuna aliyepigana tangu vita vya kwanza. Hesabu mwenyewe hizo ni mvua ngapi. Dereva wake alikuwa rafiki yangu, mdomo wake mrefu kuliko wangu, asubuhi ile alikuwa ameniahidi kuniletea kuku wa kuchoma jioni. Mimi ndiye niliyepeleka viatu vyake kwa mke wake. Nilijua vizuri sana, na bado nikapuliza chai.

Wewe mwenyewe nilishakufanyia hivyo, na ulikuwa na miaka saba. Yule mbuzi wako mweupe wa Kitale nilimuuza karo ya kaka zako ilipokwama. Nikakuambia ameenda shule ya bweni. Sikutaka machozi, nilikuwa nimechoka, nimetoka safari ya siku nne. Ukakaa getini kila mwisho wa muhula kumngoja aje na ripoti. Mihula mitatu, Kiden. Mimi nilicheka na madereva wenzangu juu ya jambo hilo, na nilicheka mpaka siku nilipokukuta umempangia majani kwenye sahani. Ungelia siku moja, ikaisha. Nilikuibia siku moja ya kulia, nikakulipa mwaka wa kungoja.

Sasa hili la majani ya kuezekea halijui mtu yeyote. Hata mama yako halijui, ingawa alikuwemo.

Kiangazi cha kwanza hapa tulikwenda upande wa barabara ya Yei kukata majani ya kuezekea kivuli hiki ninachoandikia. Mimi nilikuwa nafunga mzigo kwenye baiskeli. Kuinua kichwa, namwona mama yako ng'ambo ya mawe. Siku hizi umenifundisha maana ya yale mawe, upande mweupe salama, upande mwekundu hatari, lakini hata bila kufundishwa nilielewa rangi nyekundu. Alikuwa ameyapita kama hatua ishirini, mundu mkononi, anaimba wimbo wa kanisani, anachagua majani marefu kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Kwa nini aogope? Mume wake alimwambia vimekufa.

Kiden, kinywa changu hiki, ambacho hakijawahi kukosa neno hata msibani, kilikauka. Nikimwambia "simama, kuna bomu", atakimbia. Namjua, hofu yake yote ya miezi miwili itarudi kwa mpigo mmoja, na atakimbia popote. Nikisema kuna nyoka, atakimbia zaidi. Nikinyamaza, ataongeza hatua. Aliinua mguu. Niliuona unyayo wake umetulia hewani huku akitafuta pa kuuweka, na mpaka leo nikifumba macho mchana nauona.

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, cheko la kuazima. Nikamwita, "Mama Kiden, simama hapo hapo, nina mashindano." Akageuza shingo, mguu akaurudisha ulipotoka. Nikamwambia hawezi kurudi mpaka kwangu kwa kukanyaga nyayo zake mwenyewe, kila unyayo juu ya unyayo, bila kukosea hata mmoja. Nikasema wanawake wa kwao wana miguu inayopotea njia. Akikosea, jiko ni lake mwezi mzima. Asipokosea, ni langu mwezi mzima.

Unamjua mama yako mbele ya mashindano. Akaweka mundu kichwani kwa maringo, akainama, akatafuta unyayo wa kwanza. Udongo ulikuwa laini, nyayo zilionekana. Akaweka kisigino, halafu vidole. Mimi nahesabu kwa sauti, namchokoza, namwambia huyo wa nane ameukosa nusu, aurudie taratibu. Ananitukana, anacheka, anaweka tena. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na sikuthubutu kulifuta, maana angeniuliza kwa nini nalia. Hatua ishirini na mbili. Alipovuka mawe alinipiga begani akasema, "Mwezi mzima, mzee. Na maji ya kuoga upashe."

Nikaketi chini. Nikamwambia nimechomwa na mwiba. Alinitafutia mwiba huo kwenye unyayo robo saa nzima, na mimi nikampa mguu.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kusema. Sikusema. Nilijiambia nisimharibie bustani. Nikamwambia tu majani ya kule yana mwenyewe, bwana mmoja mkorofi, tusirudi tena. Nilipasha maji mwezi mzima nikijiona shujaa.

Halafu uongo wangu ukaanza kudai chakula. Kila kiangazi mama yako huniomba nimpeleke kwao, aone kaburi la mama yake, alisafishe, akae hapo siku mbili. Kwa hesabu yake njia iko wazi, mabomu yamekufa, kinachokosekana ni mume mwenye nia. Mwaka wa kwanza nikamwambia hakuna gari linalokwenda kule. Mwaka wa pili nikaanza kuchechemea. Ndiyo, lile goti. Goti mnalolipaka mafuta ya kondoo, goti ulilolinunulia bandeji kwa mshahara wako wa kwanza wa pale hotelini. Mwaka huu sikuchechemea vizuri, nikabadilisha mguu bila kujua, akaniona. Aliacha kuniomba. Nadhani ameamua moyoni mwake kwamba nimekataa kaburi la mama yake kwa sababu bibi yako aliwahi kuniita, mbele ya wakwe wote, mdomo wenye miguu. Bibi yako aliona mbali, Mungu amrehemu. Lakini mimi sijalikataa kaburi lake. Na mama yako amekaa na hilo, ananipakulia nyama kubwa huku amekaa na hilo.

Sasa unaona nilipofika. Nikinyamaza, kesho atakupulizia maji akicheka, na atakuwa anambariki mwokota vyuma, mtu ambaye hayupo. Wewe utapiga magoti kwenye udongo ule ukidhani mama yako aliijua hatari akakuachia uende. Na siku jirani mmoja akimweleza, atajua kwamba mume na binti walimnywesha uongo pamoja. Nikisema, huenda akafunga mdomo. Na wewe ulisema mwenyewe, bila maji yake huendi. Kikosi kitaondoka bila wewe, na kazi uliyoihangaikia mwaka mzima itakwenda kwa sababu ya baba yako na chai yake.

Nimefikiri kukuuliza wewe kwanza. Halafu nikaona huko nako ni kukimbia. Wewe una miaka ishirini na mitatu, ungeniambia ninyamaze, na mimi ningefurahi kutii.

Geti limelia. Ni yeye, anabishana na kijana wa maji ya baiskeli, anamwambia madumu yake yamepungua tangu jana. "Mama, maji iko ileile," kijana anasema. Naficha karatasi chini ya mto wa stuli. Kiden, naenda kunywa chai.

*

Nimerudi. Ni saa kumi na mbili kasoro, jua liko usawa wa paa la jirani. Wewe bado hujafika. Nitaandika upesi, kama ilivyokuwa, bila mtaalamu na bila nchi ya mbali.

Alikuwa mchangamfu. Alinionyesha samaki, alinionyesha sabuni aliyokununulia, ya harufu, eti mtu akishinda juani na vyuma anahitaji sabuni ya harufu. Akamimina chai. Akaanza yeye: tembo hubeba mimba karibu miaka miwili. "Na mimi nilikusumbua kwa miezi tisa tu," akasema, "ungemwoa tembo." Nikashindwa hata kumjibu, na nafasi ilikuwa kubwa kama mlango wa kanisa. Hapo ndipo alipoweka kikombe chini.

Nikamwambia, "Yangu ya leo ni hii. Mabomu ya ardhini hayafi. Mvua kumi, mvua thelathini, hayafi."

Akasema hiyo haikubaliki, nilishaleta kinyume chake, kwa hiyo moja kati ya hizo mbili ni uongo na jiko ni langu.

"Ya kwanza ndiyo ya uongo," nikasema. "Niliitunga. Nilikuwa nimechoka kukuona unaogopa."

Alianza kucheka, akadhani nina mtego mwingine nyuma yake. Alinichungulia usoni akiutafuta mtego. Sikuwa nao. Cheko lilimkauka kidogokidogo, likaanzia machoni. Akatazama bustani. Akatazama bamia zake safu kwa safu, halafu akatazama miguu yake mwenyewe.

"Siku ya majani," akasema. "Nyayo."

Nikasema ndiyo.

"Ulikuwa unacheka."

Nikasema sikuwa nacheka.

Chai yake ikaweka utando. Nilitaka kuongea, Kiden, unajua ninavyoteseka na ukimya, nikaushika ulimi kwa meno. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia tangu Kitale, "Na goti?"

"Haliumi," nikasema. "Njia ya kwenu haijafunguka. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Basi mama yako, ambaye hakulia tulipokimbia nchi wala tulipoirudia, akajifunika uso na kanga. Akasema miaka mitatu nimemwacha aniombee msamaha kwa mama yake kaburini, kila usiku, kwa kosa ambalo sikulifanya, na kosa nililolifanya nimelificha chini ya bandeji. Kisha akasimama. Hakuvunja kitu. Ningependa angevunja kitu. Aliingia ndani na nikasikia anatoa vitu kwenye mfuko wako, kimoja kimoja, anaviweka juu ya kitanda. Samaki, karanga, sabuni. Nikajua kalas, imekwisha, binti yangu haendi.

Nilikaa pale. Sikumfuata kwenda kumchekesha. Miaka arobaini na moja ya ndoa, mara ya kwanza.

Alitoka baada ya muda mrefu, macho mekundu, leso amefunga kiunoni. Hakukaa. Akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, maana ameniambia nikupe:

"Mwambie mtoto wako maji sijayamwaga, na sijayachota. Aje anieleze kazi yake. Si wewe, yeye. Anapigaje magoti, anashika nini mkononi, bomu likiwa hai analijuaje, wangapi wamewahi kukosea. Akimaliza ndipo nitajua kama nina maji. Na akinifichia hata moja ili nilale vizuri, nitajua ni wa kwako, na hatoki hapa."

Nikamwambia, "Mama Kiden, usingizi hutapata." Akasema usingizi wa kupewa na mimi ameshaulala vya kutosha.

Kwa hiyo nakupa kazi ngumu kuliko ya kesho, na nimekuletea mimi. Ukifika nitakuwa nje ya geti na karatasi hizi. Zisome hapohapo ukiwa umesimama, kabla hujavua viatu. Hasira zako zimalize kwangu, nje, nina nafasi. Ukimaliza ingia kwake peke yako.

Usimpunguzie, Kiden. Utaiona mikono yake inatafuta kitu cha kushika na utataka kuruka sehemu. Utaona kuruka sehemu moja ni huruma. Nilipita njia hiyo, naijua kila kona yake, na inaishia kwenye mawe mekundu na mtu unayempenda yuko upande usiofaa. Mweleze na unayoyaogopa wewe mwenyewe, maana unaogopa, usinidanganye mimi, juzi kando ya mtungi mkono wako ulikuwa wa baridi. Ulimngoja mama yako alie nawe wiki nzima. Wiki imebaki saa chache. Mpe hizo.

Akisema hapana, utabaki, na utanichukia, na nitakuwa nimestahili. Akisema ndiyo, kesho utakwenda na maji ya mtu anayejua anakokupeleka. Sijui atasema lipi. Nimekaa naye miaka yote hii nikimtabiria kila neno kwa mbwembwe, na leo sijui.

Ameketi ndani, mlango wazi, taa hajawasha. Mikono iko juu ya magoti. Amegeukia upande wa geti na anakungoja.

Baba yako,
ambaye leo hana la kuongeza.